Nimemnunulia binti yangu kitoto cha kobe, siku ya tatu hali wala hafumbui macho. Nipo Dodoma, naombeni msaada

Baba Rehema (mleta uzi)
Jumatatu, saa 3:10 usiku

Wakuu, habari za usiku. Naenda moja kwa moja.

Jumamosi nilikuwa narudi kutoka Mvumi. Mvua ilinyesha usiku kucha, barabara madimbwi matupu. Kabla sijafika Ntyuka nikakuta watoto watatu pembeni, mmoja kashika kopo la rangi. Ndani kuna kitoto cha kobe ukubwa wa kiberiti, gamba la njano lenye mabaka meusi. Rehema (yuko darasa la tatu) akang'ang'ania hadi machozi. Wakataka elfu tano, nikatoa elfu tatu.

Nimemweka kwenye boksi la viatu, chini nimemwagia mchanga mkavu uliobaki kwenye ujenzi, boksi lipo dirishani apate jua. Nimempa mchicha, nyanya, na mkate uliolowekwa kwenye maziwa. Hajagusa chochote. Toka jana amefumba macho, na nyuma katoa kitu cheupe kama chokaa mbichi. Maji sijampa, jirani kaniambia kobe anaishi bila maji.

Mimi hata kuku sijawahi kufuga. Ila mtoto anaamka saa 10 usiku kwenda kumchungulia, siwezi kumwambia amekufa. Nifanyeje?

---

Kijiwe cha Nkuhungu

Uzi bila picha ni majungu. Weka picha mkuu.

---

Mama Tunu

Pole Baba Rehema. Kwetu Kongwa marehemu baba alikuwa na kobe uani, anashinda na kuku, hatukuwahi kumpa maji hata siku moja, na alikuwapo mpaka naolewa. Jirani yako kasema kweli. Mwache atulie, atakula akitaka.

---

Bwana Mifugo Mstaafu

Mama Tunu, kwa heshima zote, kobe wa mzee alikuwa mkubwa. Mkubwa ana akiba ya maji kwenye kibofu na anajua kutafuta majani yenye umande. Huyu ana siku chache toka atoke kwenye yai. Na kwa ninavyosoma, Baba Rehema, kobe wako hajagoma kula. Amekauka.

Acha kila kitu, fanya hivi usiku huu huu. Chukua sahani yenye kina kidogo, weka maji ya uvuguvugu, yale ambayo ukimwogeshea mtoto mchanga huyaogopi. Maji yafike usawa wa pale gamba la juu linapokutana na la chini, yasipite kidevu. Mweke humo dakika 15 hadi 20, ukae hapo hapo. Usimwache uende kuangalia taarifa ya habari, kitoto kikipinduka kwenye maji hakijigeuzi. Yakipoa badilisha. Kesho asubuhi tena, na kila siku kwa wiki mbili tatu zijazo.

Hicho cheupe usikiogope. Ndivyo kobe wanavyotoa taka za mkojo bila kupoteza maji. Kikiwa laini kama dawa ya meno, sawa. Kikiwa na chengachenga kama mchanga, maji yamepungua mwilini.

Hilo boksi nalo ni tatizo. Mchanga mkavu unanyonya unyevu na akiumeza pamoja na chakula unaweza kuziba utumbo. Na jua la dirishani ni la kudanganywa: kioo kinapitisha joto, ile miale inayomsaidia kutengeneza vitamini D kinaizuia. Bila hiyo vitamini, kalsiamu haiingii kwenye mfupa hata umlishe gunia. Gamba linakuwa laini kama ukucha uliolowa.

Kabla sijasahau, ondoa mkate na maziwa. Kobe hana tumbo la maziwa.

---

Baba Rehema

Mzee shikamoo, na asante. Nimefanya sasa hivi.

Nimemweka kwenye sahani ya plastiki, Rehema kakaa pembeni na tochi ya simu. Dakika kama tano hakuna kitu, nikasema basi tena. Halafu akanyoosha shingo, akainamisha kichwa mpaka pua ikazama, na koo likaanza kupanda na kushuka, kupanda na kushuka. Alikunywa muda mrefu mpaka nikaogopa. Baadaye kile cheupe kikatoka tena, safari hii kina chenga kweli kama unga wa dona.

Jicho moja limefunguka. Jeusi tii. Rehema amempa jina, anaitwa Mbukwa.

---

Kijiwe cha Nkuhungu

Hahaha Mbukwa! Kobe kasalimiwa Kigogo, lazima apone.

---

Mama Tunu

Nimesoma hapo juu kuhusu maji nikanyamaza. Ngoja niseme.

Mwaka juzi mwanangu aliletewa kitoto kama hicho. Nilisikia kobe anapenda jua, nikamweka kwenye ndoo ya plastiki nje, saa 6 mchana, nikaenda Majengo sokoni mara moja. Nikarudi saa 8. Ile ndoo ilikuwa ya moto huwezi kuishika, na yeye yuko ukingoni, kucha zimechora chora plastiki akijaribu kupanda. Mtoto nilimwambia alitoroka. Mpaka leo anaamini alitoroka.

Basi msimweke juani bila kivuli.

---

Bwana Mifugo Mstaafu

Pole sana dada. Hilo linatokea kwa wengi kuliko wanaosema. Kobe hatoi jasho, njia yake kubwa ya kujipooza ni kuhama, na kwenye ndoo atahamia wapi?

Kwa jua letu la Dodoma: asubuhi saa 2 hadi saa 4 linatosha kabisa. Tengeneza fremu ya mbao, ifunike kwa wavu, iweke moja kwa moja ardhini, nusu juani nusu kivulini. Kivuli kiwe cha uhakika, kigae au ubao, maana upepo wa hapa unaondoka na kanga yako mpaka Swaswa. Wavu ni lazima. Kunguru anaona kitoto cha kobe kama ninyi mnavyoona chipsi mayai. Kuku nao wanadonoa macho. Paka, panya, siafu, wote ni wateja.

Usiku na saa za jua kali arudi ndani. Tumia lile beseni kubwa la kufulia. Weka udongo wa bustani usio na mbolea ya dukani, unene wa vidole vinne, uchanganye na majani makavu. Mwagia maji pembeni yazame chini, ili juu pawe pakavu kiasi na chini pawe na ubichi. Chukua chungu kilichovunjika, kifukie nusu kama pango, na humo ndani udongo uwe mbichi zaidi. Atalala humo.

Watu wanashangaa nikisema unyevu kwa mnyama wa Ugogo. Lakini fikirini, mama kobe anafukia mayai ardhini, yanakaa mwaka au karibu yake, na watoto wanatoka mvua zikishalainisha udongo. Ndiyo maana mwezi huu mnawaona barabarani. Anazaliwa kwenye majani mabichi, anajifukia chini ya vichaka, humwoni. Ukimlea kwenye boksi kavu, magamba yanaota vinundu kama vichuguu, na vikishaota havirudi.

---

Sheria Kwanza

Mnafundishana malezi vizuri, ila mmeruka jambo kubwa. Huyo ni mnyamapori. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009 inasema wanyamapori ni mali ya umma, wamewekwa chini ya Rais kama mdhamini. Kumiliki bila kibali ni kosa, hata kama umemnunua kwa elfu tatu, hata kama mtoto alilia. Na ukinunua kwa wale watoto, kesho wanakwenda kuokota wengine kumi.

---

Kijiwe cha Nkuhungu

Duh, mtu kaja kuomba ushauri wa mchicha anapewa kesi ya uhujumu uchumi.

---

Sheria Kwanza

Cheka tu. Mimi simtishi mtu, namwambia aende mwenyewe ofisi ya wanyamapori aeleze. Anayekwenda kwa miguu yake hasikilizwi kama anayekutwa naye.

---

Jiwe la Mpwapwa

Mleta uzi, hebu niambie umbo lake. Ni wa duara, au bapa kama chapati?

Nauliza kwa sababu huku kwetu kwenye majabali kuna yule bapa, gamba lake ni laini, ukimtisha anakimbia (ndiyo, kobe anayekimbia) anajibana kwenye ufa wa jiwe humtoi. Huyo ni suala jingine kabisa. Amewindwa sana kwa ajili ya kuuzwa nje, na mwaka 2019 mkataba wa kimataifa wa CITES ulimpandisha kwenye orodha ya kwanza, ile ya kukataza biashara. Jike lake linataga yai moja moja tu. Ukiokota watano umemaliza ukoo.

---

Baba Rehema

Ni wa duara mkuu, mgongo umepanda kama bakuli lililofunikwa. Nimeweka picha.

Sheria Kwanza, nimekusikia. Sikujua, na nisingebishana kitu nisichokijua. Nitakwenda. Ila kwanza naomba asife mikononi mwangu njiani.

Halafu mzee, leo nimepita duka la dawa za mifugo kuuliza. Kijana kaniambia kobe wa porini wote wana minyoo, kaniuzia sindano ya ivamektini, ile ya mbuzi. Amesema nimchome tone moja pajani. Nimchome leo au nisubiri anenepe?

---

Bwana Mifugo Mstaafu

USIMCHOME. Umeiona hii? USIMCHOME.

Ivamektini ni dawa nzuri kwa mbuzi, kwa kobe ni sumu. Inampooza. Miguu inalegea, shingo inalala, na pumzi inakata kwa sababu misuli ndiyo inayomsaidia kupumua. Hakuna "tone dogo" wala "kipimo cha mtoto". Hata dawa ya kupe ya kupulizia yenye kitu hicho isimkaribie. Kijana wa duka simlaumu sana, chupa haikuandikwa kobe popote. Irudishe au mpe mwenye mbuzi.

Minyoo kidogo ni kawaida kwa kobe. Mnyama aliyekauka hapewi dawa ya minyoo ya aina yoyote kabla ya kurudi hali yake. Mpe maji.

---

Mama Tunu

Mungu wangu. Kama asingeuliza?

---

Baba Rehema

Nimeirudisha. Mikono ilikuwa inatetemeka, si utani.

Sasa anafumbua macho yote mawili na anatembea tembea, ila chakula bado anakinusa tu.

---

Mgogo wa Bahi

Mbukwenyi! Na mimi nichangie, kwenye majani ndiyo kwangu.

Kitoto cha kobe hakijui chakula cha kwenye sahani. Kinajua kinachoota. Mng'olee nyasi changa na vijani vya pembeni ya shamba, vikiwa na udongo wake, umchomekee palepale kwenye beseni kama vimeota. Kata vidogo. Weka saa 3 asubuhi akiwa ameshapata joto, maana kobe wa baridi hali.

Kitu ambacho sisi tunacho na wengine hawana ni majani ya mzabibu. Machanga, laini, wanayapenda balaa. Lakini muulize mwenye shamba amepuliza dawa lini. Mizabibu yetu inapulizwa salfa na dawa za ukungu, na kama amepuliza juzi, usichume. Majani ya kunde, matembele na ya maboga ni mazuri pia. Ua la haibiskasi jekundu pale getini, kwake ni pilau. Mpungate ukichoma miiba na kukata vipande ni chakula na maji humo humo. Ila jamani usichanganye mpungate na mnyaa wa uzio! Mnyaa una utomvu mweupe unaounguza. Ukikata ukaona maziwa, tupa.

Mchicha si dhambi, ila ukiwa kila siku unazuia kalsiamu. Kisamvu kibichi usimpe. Nyama, mayai, ugali, biskuti za mtoto, hapana. Embe au nyanya kidogo sana, mara moja moja, matunda yanawaharisha.

---

Bwana Mifugo Mstaafu

Mgogo wa Bahi umemaliza. Naongeza kalsiamu tu. Chukua maganda ya mayai, yachemshe, yakaushe, yasage mpaka yawe unga kama wa chumvi. Nyunyizia kidogo sana juu ya majani mara tatu kwa wiki. Hauhitaji kununua kitu.

Na mnunulie au azima mizani ya gramu, zile ndogo za jikoni. Pima asubuhi kabla ya maji, mara moja kwa wiki, siku ileile. Kwa macho utajidanganya, mizani haidanganyi.

---

Fundi Welda

Wakuu, mimi babu yangu alikuwa anatoboa gamba kwa ukingoni anamfunga kamba asipotee. Nina mashine ndogo ya kutoboa, nipo Chang'ombe, namfanyia bure.

---

Bwana Mifugo Mstaafu

Fundi, asante kwa moyo, ila hapana. Gamba la kobe lina damu na mishipa ya fahamu, uti wa mgongo na mbavu zimeungana nalo. Ni sawa na kukutoboa wewe ubavu ili usipotee. Hata rangi ya kucha mabinti wasimpake.

---

Fundi Welda

Basi namtengenezea fremu ya wavu badala yake. Bure vilevile.

---

Mama Tunu

Na mikono jamani. Rehema asimbusu huyo Mbukwa. Wanabeba vijidudu vya salmonela bila wao kuumwa, na mtoto anaishia kuhara na homa. Sabuni kila akimshika, na sahani ya kobe isioshwe na vyombo vya kula. Kama kuna mdogo wa chini ya miaka mitano nyumbani, huyo asimshike kabisa.

---

Baba Rehema
Baada ya siku 11

Wakuu narudi na taarifa.

Siku ya sita alikula. Jani la mzabibu kutoka kwa shemeji wa Hombolo, halijapulizwa. Nilikuwa namwangalia kwa pembeni nisimtishe. Alilitazama kwa jicho moja, akalitazama kwa jicho la pili, akafungua mdomo (ndani wekundu kama ua), akauma hewa. Mara ya pili akauma hewa tena. Ya tatu akapata. Jani likakatika na alama ya nusu duara, kama mkasi mdogo umepita. Rehema amelihifadhi hilo jani kwenye daftari la sayansi.

Mizani nimenunua. Siku ya kwanza kupima gramu 29. Jumamosi iliyopita 31. Najua ni kidogo, lakini hapa nyumbani tumeshangilia kama goli la dakika ya 90.

Swali moja: juzi usiku mvua na upepo, umeme ukakatika, asubuhi nikaona kipovu puani.

---

Bwana Mifugo Mstaafu

Kipovu kimoja baada ya kuoga si kitu, ni maji. Vikijirudia, au akipumua kwa mdomo wazi, au akitoa mlio kama filimbi, hayo ni mapafu, na hapo inatakiwa daktari wa mifugo anayewajua hawa, maana dawa yake inapimwa kwa gramu za mwili. Kwa sasa jaza chupa ya lita moja maji ya moto, ifunge kwenye taulo, iweke upande mmoja wa beseni usiku. Upande mmoja, ili akitaka asogee na akitaka ahame. Na ubichi wa udongo upunguze kidogo siku za baridi, baridi na majimaji pamoja ndivyo vinavyoua.

Huu ni mwezi wa joto. Ingekuwa Juni au Julai na ule upepo wetu, ningeongea lugha nyingine.

---

Kijiwe cha Nkuhungu

Mimi nilikuja kucheka, sasa nafuatilia uzi huu kuliko siasa. Hivi anaweza kukua mpaka wapi?

---

Jiwe la Mpwapwa

Aina hiyo mkubwa anafika kilo 10 na zaidi, na anaweza kuishi miaka 50 mpaka 80 hivi. Wale wakubwa kabisa mnaowaona kisiwa cha Changuu, Zanzibar, ni aina nyingine, asili yao Aldabra huko Shelisheli. Rehema akiwa bibi, Mbukwa atakuwa bado anadai majani.

---

Sheria Kwanza

Mleta uzi, wiki ya pili inakatika. Ofisini umekwenda?

---

Baba Rehema

Jumatatu, mkuu. Naahidi.

---

Baba Rehema
Baada ya wiki tatu zaidi

Nimekwenda. Nilichelewa wiki moja, nakiri, nilikuwa najipa sababu.

Nilimchukua na Rehema, Mbukwa kwenye beseni dogo na jani lake. Afisa tuliyemkuta hakutukaripia. Alimgeuza akaangalia gamba la chini, akabonyeza ukingo kwa kidole taratibu, akauliza anakula nini, amekaa na kobe wengine? Nikasema hapana, peke yake. Akauliza alitoka wapi hasa. Nikamweleza ile kona ya Ntyuka. Akasema kuna njia mbili: kuanza kuomba kibali cha kumfuga, jambo lenye masharti yake, au arudishwe alikotoka wakati mvua bado zipo na majani bado yapo. Akasema kama ni kumrudisha, yeye mwenyewe atakwenda nasi, tusimwachie popote tunapoona kijani, maana kila eneo lina kobe wake na magonjwa yake.

Nikamwangalia Rehema. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akauliza kama kule kuna majani ya mzabibu. Afisa akasema kuna mazuri zaidi.

Tumemwacha Alhamisi saa 3 asubuhi, mita kama mia tatu kutoka barabarani, chini ya kichaka cha miiba ambacho hata mbuzi haingii. Alikaa dakika mbili amejificha ndani ya gamba. Kisha kichwa, mguu, mguu mwingine, akaingia chini ya majani makavu. Tulikuwa tumemkazia macho na bado tukampoteza.

Mara ya mwisho kupimwa alikuwa na gramu 38. Rehema ameandika kwenye daftari, mstari uliofuata akaandika "kwao".

Wale watoto wa kopo la rangi tuliwakuta tena barabarani. Wana wengine wawili. Afisa alishuka kuongea nao, mmoja wao anamjua baba yake.

---

Mama Tunu

Nimelia hapa sebuleni. Leo jioni mwanangu namwambia ukweli wa ile ndoo.

---

Bwana Mifugo Mstaafu

Gramu 38 si mchezo. Msalimie sana Rehema, mwambie babu wa mtandaoni amempa alama zote.

---

Fundi Welda

Fremu yangu ndiyo kwanza imekauka rangi jamani.

---

Mgogo wa Bahi

Weka vifaranga fundi, usiilaze bure.

---

Kijiwe cha Nkuhungu

Mkuu Baba Rehema, ile mizani ya gramu bado unayo? Mke wangu anauza iliki. Nauliza bei.